Haiku Kwenye Mwalo wa Igombe

Mtu aliyelelewa na tarbia akikutana na haiku ya Kijapani, kwanza huhesabu. Mizani 5, kisha 7, kisha 5, basi. Jumla ni 17, wakati mshororo mmoja tu wa tarbia una 16. Katika nafasi hiyo finyu mtunzi anatakiwa aonyeshe majira, aweke kitu cha kushikika, halafu akate.

Mkato ndio unaonivuta kuliko yote. Mshororo wetu nao hukatwa, kwenye mizani ya 8: ukwapi huku, utao kule, na kina cha kati kinalishika mkono sikio lisipotee. Haiku hukata bila kushika mkono. Picha mbili huwekwa jirani. Hakuna kina, hakuna "kama", hakuna "kwa sababu", na msomaji huvuka mwenyewe.

Waandishi wa Kiingereza walipoichukua sanaa hii kutoka Japani walikumbana na tatizo la hesabu. Silabi za Kiingereza ni nzito, moja yaweza kubeba konsonanti nne au tano, hivyo 17 za kwao husema mengi kuliko 17 za Kijapani, na haiku inavimbiwa. Wengi wao leo huandika chini ya idadi hiyo, lakini mkato hawauachi. Richard Wright, mwandishi Mmarekani mweusi, aliishika hesabu ya 17 kwa uaminifu: akiwa mgonjwa huko Ufaransa, kabla ya kufariki mwaka 1960, alitunga haiku zipatazo 4,000. Nastahi subira ya namna hiyo.

Kiswahili hakina shida hiyo. Silabi zetu huishia kwenye irabu, na "m" inayosimama peke yake huhesabiwa mizani kamili, jinsi "n" ya Kijapani inavyohesabiwa: "Nippon" kwao ni nne, ni-p-po-n. Aliyesoma *Sheria za Kutunga Mashairi* za Sheikh Kaluta Amri Abedi, zilizotoka mwaka 1954, tayari ana sikio la kazi hii.

Nimejaribu moja ya mwalo wetu wa Igombe, hapa Ilemela:

Mwezi mpevu:
karabai baridi
chini ya meza.

"Mpevu" ni mizani tatu, m-pe-vu. Ningeandika "mbalamwezi", "mba" ingekuwa moja tu na mstari ungepungua. Mwezi hapa ndio majira. Dagaa huvuliwa gizani, taa ikiwavuta juu ya maji. Mwezi ukijaa, nuru yake huizidi ya taa, dagaa hutawanyika na mitumbwi hubaki ufukweni. Kwa hiyo taa ni baridi. Ningeongeza "wavuvi hawana kazi", maana ingebaki ileile na haiku ingekufa, kwa sababu msomaji asingebakiwa na cha kufanya. Siku hizi taa nyingi ni za betri na sola, hazipati moto wa kupoa. Nimeibakiza karabai kwa ajili ya neno "baridi", na naamini imelipa.

Ng'ambo ya maji, Ukerewe, ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, ambaye *Kichomi* chake cha mwaka 1974 kiliwachemsha wanamapokeo kwa kuacha vina na mizani. Mabishano yale yalikuwa na haki pande zote mbili. Haiku inawaridhisha wote: ina hesabu ya kumtuliza Sheikh Kaluta, na haina kina hata kimoja.

Kinachotukwamisha ni majira. Wajapani wana kamusi nzima za maneno ya majira, zilizopangwa msimu kwa msimu, na mtunzi huchagua humo. Theluji na maua ya mcheri havitufai. Sisi tuna giza na mbalamwezi za wavuvi, tuna senene, tuna vuli na masika, tuna dagaa wanaoanikwa na mvua inayowakuta hawajakauka. Atakayeiandika kamusi ya kwetu aanzie mwaloni, kwa wanaoanika dagaa, maana wao huitazama mbingu kila asubuhi kabla ya kutandaza chandarua.