Kijani cha Masizi

"Mwanangu, unapikia kuni au gesi?" Gesi, nikamjibu, kwa aibu kidogo. Fundi akatoka bila neno, akarudi na masizi ya chungu cha jirani, kayafunga kwenye gazeti. Mtaani kwetu Mlandege mwenye chungu cha kuni amebaki huyo mmoja.

Alikuja kunipakia rangi ukumbi wa marehemu bibi. Nilipolisogeza kabati lake nilikuta nyuma yake kipande cha ukuta, ukubwa wa msala, kingali na rangi aliyokuwa akiipaka kila Shaabani: kijani cha zeituni, kilichopoa, chenye udongo ndani yake. Nikataka kile kile.

Nilitegemea atanituma Darajani nikanunue kopo. Kumbe hakutia hata tone la kijani. Alichukua chokaa iliyozimwa zamani, laini kama mtindi, akatia udongo wa manjano. Masizi yana kiburi, hayakubali maji. Yanaelea tu juu. Akayavuruga kwanza kiganjani kwa maji ya sabuni, taratibu, kama bibi harusi anayesuguliwa liwa, mpaka yakalegea. Yalipoingia ndooni, ile manjano ikageuka zeituni mbele ya macho yangu.

Akapaka mstari kwenye kipande cha jiwe la matumbawe, akakianika. "Tutaona kesho." Chokaa mbichi ni mwongo mkubwa: ikiwa na maji ni nzito, ikikauka inapauka. Asubuhi akalitazama jiwe, akaguna, akaongeza masizi. Siku tatu mchezo ndio huo, na mimi nina wageni Ijumaa!

Lakini sikuwa na uso wa kumharakisha. Ukuta ule mimi mwenyewe niliuharibu miaka miwili nyuma kwa rangi ya plastiki. Ulipendeza hadi masika. Kuta hizi za mawe na chokaa hunywa maji kutoka chini, zikayatoa hewani. Ukizivisha plastiki maji yanakosa mlango, chumvi inajaa, rangi inabambuka mabamba mabamba. Mji Mkongwe uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, kwa hiyo kule chokaa ina watetezi, angalau kwenye karatasi. Sisi wa ng'ambo hii ya barabara hatuulizwi na mtu ukuta tumeupaka nini. Tunafungua kitabu cha rangi dukani, zeituni ina namba, kopo linatikiswa kwa mashine, na kabla chai haijapoa umeshapewa chenji.

Alipomaliza mkono wa tatu nilimuuliza nani anajifunza kwake. Kijana wake, akasema, yuko mashamba huko, anapaka hoteli kwa mashine ya kupuliza. "Anapata," akaongeza, na akaenda kunawa.

Jiwe lile amelisahau, au ameniachia. Nimeliweka dirishani. Lina mistari mitatu, na ule wa mwisho ndio ukuta wangu.