Shaba na Dhahabu za Macalder, Zikitazamwa kutoka Timau

Hapa Timau, ambako majembe ya trekta hayaishi kuibua mawe meusi katika mashamba ya ngano, watu huuliza, na wana haki ya kuuliza, iweje mlima uliotema moto mwingi kama Mlima Kenya usituachie mgodi hata mmoja wa dhahabu, ilhali Macalder, katika nchi ya Migori karibu na mto Kuja, pasipo na mlima wa kutajika, dhahabu, fedha na shaba zilichimbwa pamoja hata mgodi ukafungwa mwaka 1966. Jawabu la swali hili ni maji.

Miamba ya Macalder ina umri upitao miaka milioni 2,500, nayo asili yake ni volkano zilizopasuka chini ya bahari. Maji ya chumvi yaliteremka katika nyufa za mwamba, yakapashwa moto na lava, yakanyonya madini yaliyotawanyika humo kidogo kidogo, kisha yakapanda tena. Na yalipokutana na ubaridi wa bahari yakayaacha chini, shaba, zinki, fedha na dhahabu, yakiwa yameshikamana na chuma na kibiriti, tabaka juu ya tabaka. Wataalamu walioteremka kwa nyambizi Alvin katika Bahari ya Pasifiki mwaka 1979 waliyaona kwa macho yao maji meusi ya namna hiyo yakifoka sakafuni.

Mlima Kenya, ulioanza kutema kiasi cha miaka milioni 3 iliyopita, ulitema katika nchi kavu, na lava yake ikatandaa mbali na tundu lake, ikapoa na madini yake yakiwa yametapakaa ndani, pasiwe na maji moto ya kuyakusanya mahali pamoja. Wala mtu asidanganywe na jina la jiwe: fonolaiti, ambayo mlima wetu unayo tele, ndiyo iliyozaa dhahabu ya Cripple Creek huko Colorado, lakini kule mwamba ulivunjikavunjika tunduni penyewe na maji moto yakapita katika mipasuko. Anayetaka kupekua miamba ya kale karibu nasi ataipata katika vilima vya Lolldaiga, ambako lava haikuifunika.

Macalder yenyewe ilisomwa kuanzia juu. Madini ya kibiriti yakifikiwa na mvua na hewa huoza. Kibiriti hugeuka asidi, asidi huichukua shaba na kuishusha chini, na juu husalia chuma chenye kutu pamoja na dhahabu, ambayo haiozi. Twaa kipande cha mwamba huo wa juu: chepesi, chekundu cha kuelekea hudhurungi, kimejaa vitundu vya pembe nne, na kila kitundu ni makao ya punje ya piriti, yaani chuma kilichoshikamana na kibiriti, iliyokwisha kuyeyuka. Mchimbaji mwenye busara hakitupi. Hukitwanga, hukiosha katika karai, akatazama mkia wa mchanga mzito.

Ndiyo sababu dhahabu ilitangulia na shaba ikafuata. Katika tabaka lililooza dhahabu ilikuwa huru, na sianidi iliweza kuitoa kwa wepesi. Chini yake, pale shaba iliposhukia na kulundikana, sianidi ile ile huliwa na shaba kabla ya kuifikia dhahabu, gharama ikapanda, na kazi ikabidi igeuzwe iwe ya shaba, dhahabu na fedha zikifuatana nayo. Kwa maoni yangu, aliyewafaa sana waliokuja baadaye ni mwanajiolojia R. M. Shackleton, ambaye taarifa yake juu ya ukanda wa dhahabu wa Migori ilitolewa na serikali mwaka 1946, kwani aliichora miamba yote ya ukanda huo, hata ile isiyokuwa na faida, na bila ya hiyo haijulikani tabaka lenye madini linaelekea wapi.

Mabaki yaliyotoka mgodini yalirundikwa papo hapo yakiwa bado na piriti ndani yake, na mvua inayoyanyeshea huyatoa asidi kwa kanuni ile ile iliyooza mwamba wa juu, tofauti ikiwa ni kwamba mchanga uliokwisha kusagwa huoza upesi zaidi kuliko mwamba mzima.