Tablo iko, lakini ni ile yenye tunataka?

Leo sitaandika juu ya mbolea wala mbegu. Nataka kukosoa amri moja fupi, yenye wengi wetu tunaiandika bila kufikiri kila mara tunatengeneza programu ya kuweka data: CREATE TABLE IF NOT EXISTS. Maana yake: tengeneza hii tablo kama haiko. Wenye kufundisha wanaisifu sana. Mimi naona sifa zimepita kazi yake.

Tuanze na haki yake. Bila hayo maneno ya mwisho, programu ikifunguliwa mara ya pili inakuta tablo ilikwisha kutengenezwa, na baze ya data inakataa. Watu wa Oracle wanaijua vizuri ORA-00955: jina limekwisha kutumiwa. Njo maana amri hii ilipendwa. PostgreSQL iliipata mwaka 2011, kwa toleo 9.1; Oracle yenyewe ilingoja mpaka toleo 23. Kwa zoezi la darasani inatosha kabisa.

Shida iko hapa: amri hii inaangalia jina tu. Haifungui tablo kuona kolone ziko ngapi, za aina gani. Kama kuna tablo ya zamani yenye jina «mavuno», yenye kolone mbili, na wewe unaomba «mavuno» yenye kolone tano, itapita tu. PostgreSQL angalau inakutumia neno dogo kwamba imeruka, na kitabu chake cha maelezo kinaonya wazi kwamba hakuna uhakika tablo yenye iko inafanana na ile uliyoomba. SQLite, ile yenye iko ndani ya simu zetu karibu zote, inanyamaza kimya.

Kimya hicho kina bei. Niliwahi kufanya kazi kwenye mradi moja wa mihogo. Jina lake nitaliacha. Wapima-mavuno walibeba simu zenye programu ya SQLite. Msimu wa kwanza, tablo ilikuwa na shamba na kilo. Msimu wa pili, watu wa programu waliongeza kolone ya aina ya mbegu, wakatuma programu mpya. Kwa simu mpya mambo yalienda. Kwa simu za zamani, tablo ilikuwa «iko», basi haikuguswa. Kila mstari wenye kutaja aina ya mbegu ulikataliwa, juu hiyo kolone haikuwemo, na programu ilimeza kosa hilo na kuandika kwenye kioo: imehifadhiwa. Mama mkulima alisimama kwenye jua akipimiwa mihogo yake, na kilo zake hazikuingia fasi yoyote. Wakati wa kuchagua aina gani ya mbegu igawanywe, mashamba yake hayakuhesabiwa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba haya ni mambo madogo ya ma-informatisien.

Kuna wenye watasema: basi tuulize kwanza, ndipo tutengeneze. Ni vizuri, lakini hata kuulizia kuna mitego. Kwa PostgreSQL wengi wanatafuta ndani ya information_schema.tables. Orodha hiyo inakuonyesha tu tablo zenye una ruhusa nazo. Ukiingia na akaunti isiyo na haki, jibu litakuwa «haiko», kumbe iko na imejaa data. Ni sawa na mgeni anayeuliza mlangoni kama kuna chakula: wakimjibu hakuna, bado hajui kitu juu ya sufuria.

Mtego wa pili ni herufi. Ukiandika Mavuno bila alama za kufunga jina, PostgreSQL inaligeuza mavuno, kwa herufi ndogo. Kesho ukitafuta 'Mavuno' kwenye orodha, hupati kitu. Mtego wa tatu: programu mbili zinauliza kwa wakati moja, zote mbili zinaambiwa haiko, zote mbili zinaanza kutengeneza. Moja itaanguka.

Kinachonisikitisha ni kwamba chombo chenyewe kinaweza kujibu zaidi ya hapo. Edgar Codd, mwenye kuweka msingi wa baze hizi mwaka 1970, alidai kwenye kanuni zake za 1985 kwamba baze ijieleze yenyewe kwa tablo, na mtu aulize maelezo hayo kwa lugha ileile ya kuulizia data. Basi kwa nini tunauliza jina peke yake? Kwa SQLite, PRAGMA table_info inakutajia kolone za kawaida za tablo. PRAGMA user_version inakupa namba ambayo wewe mwenyewe unaiweka ndani ya faili: 1 kwa msimu wa kwanza, 2 ukiongeza aina ya mbegu. Programu ikifunguka inasoma namba. Ikikuta 1, inaongeza kolone kwa ALTER TABLE, kisha inaandika 2. Ni mistari michache, na mavuno ya msimu uliopita yanabaki salama.

Kwa agronomi tulifundishwa kwamba kuona majani ya mihogo hakutoshi. Unachimba uone mzizi kama umeoza. Jina la tablo ni majani. Swali la kweli ni: iko katika hali gani, na inalingana na kazi ya leo?

Wenye mnatengeneza programu za mashamba, za hospitali, za masomo, mtuambie hapa chini: zenu zinauliza jina tu, ama zinachimba?