Kamati za Shule za Tarime na Serengeti

Kamati ya shule, yaani chombo kinachosimamia shule ya msingi chini ya Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978, na ambacho katibu wake ni mwalimu mkuu, hukusanya wazazi wakulima na wafugaji wanaoacha jembe na mifugo ili kuketi kwenye madawati ya watoto na kupitia hesabu. Mwalimu anayefuatilia vikao hivyo katika wilaya za Tarime na Serengeti huona kwamba yanayotangulia ni matundu ya vyoo, maboma, yaani kuta za madarasa zilizoinuliwa kwa nguvu za wananchi zikisubiri kupauliwa, na mahindi ya uji. Huenda angetamani vitabu vitangulie. Lakini mtoto aliyetembea mbali bila kula hasomi, na mpangilio huo una hekima.

Tangu mwaka 2016, michango ya lazima ilipoondolewa, wajumbe wa kamati huwashawishi wazazi kuchangia badala ya kuwaamuru, na kazi hiyo ni nzito zaidi katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, ambako tembo huweza kumaliza shamba usiku mmoja, kisha mwenye shamba hilo akaombwa debe la mahindi. Likizo ya Desemba inapokaribia, msimu ambao baadhi ya koo hukeketa wasichana, mjumbe anayewatetea huwatetea mbele ya jirani na ukoo wake mwenyewe. Muhtasari ukishasainiwa, wajumbe hurudi nyumbani kwa miguu, bila mshahara, giza likiingia.