Kipya Kinyemi

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hiyo niliikubali bila kuichunguza, hadi siku kompyuta yangu ya mpakato ilipokataa kuwaka. Ndani yake mlikuwa na kazi yangu ya miaka mitatu, ambayo kwa uzembe sikuwa nimeiwekea nakala.

Niliipeleka kwenye duka nililoinunua. Kijana wa pale aliibonyeza mara mbili, hakuifungua, akasema, "Mzee, hii imekufa. Chukua mpya." Kilichoniokoa si hekima, bali mfuko mtupu. Nikaenda Kariakoo kwa fundi mmoja wa kibarazani, ambaye meza yake haizidi sinia la pilau. Alilegeza skrubu, akanionyesha tundu la chaji lililong'oka, akalilehemu. Kabla ya adhuhuri kompyuta iliwaka.

Kwa furaha nikaanza kuwalaumu watu wa siku hizi kwa kupenda vipya. Fundi alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mzee wangu, unawaonea." Akanifunulia kompyuta nyingine, nyembamba kama daftari. Betri ilikuwa imegandishwa kwa gundi, na kumbukumbu imelehemiwa kwenye bodi kuu. "Hii ikiharibika kitu kimoja, imeharibika yote," akasema.

Hapo ndipo nilipoona kwamba hukumu yangu ilikuwa nyepesi. Kompyuta za mezani za miaka ya 1990 zilifunguliwa kwa bisibisi moja. Kilichokufa kilichomolewa, kingine kikachomekwa. Mwaka 2012 kampuni ya Apple ilitoa MacBook Pro yenye kioo cha Retina, ambayo kumbukumbu yake ililehemiwa na betri yake kugandishwa. Ilisifiwa kwa wembamba wake, na leo mashine nyingi za namna hiyo hutengenezwa hivyo. Tulishangilia wembamba, tusiulize tumeulipia nini.

Tena mashine yaweza kuwa nzima na bado ikahukumiwa kifo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Kompyuta nyingi zinazofanya kazi vizuri hazikidhi masharti ya Windows 11, kwa kuwa zina prosesa ya zamani au hazina kifaa cha usalama kinachotakiwa. Mwenyewe huambiwa anunue nyingine, ingawa hakuna kilichovunjika.

Hata hivyo, sisi wanunuzi hatutoki mikono mitupu katika lawama hii. Kule Ulaya watu husema saa moja ya fundi ni ghali. Kwetu ufundi ni rahisi, lakini tunamwogopa fundi: atabadilisha vipuri, atapekua picha zetu. Hofu hiyo ina sababu, maana wapo mafundi waliotenda hayo. Lakini mara nyingi tunaitumia kuficha aibu ya kuonekana na kitu cha zamani. Nami ninayo ya kutubu: miaka iliyopita nilitupa kompyuta iliyogoma bila kuifikisha kwa mtu yeyote.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inaeleza kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Yangu ilikwenda wapi, sijui.

Nililoondoka nalo kibarazani ni jingine. Kando ya fundi alikaa mwanafunzi wake, akishika tochi na kutazama mikono ya mwalimu. Kila tunaponunua bila kuuliza kama kitu kinafungulika, tunampunguzia kijana huyo la kujifunza. Basi, msomaji, siku ukienda dukani, kabla ya kuuliza bei uliza hili: ikiharibika, nani ataifungua? Muuzaji akicheka, umekwisha kujibiwa.