Jani bichi, lakini bichi la wapi? Nimeusoma upya mwongozo wa Doyle na Doyle

Kama umewahi kufungua tasnifu yoyote ya mimea yenye habari za vinasaba, hii sentensi umekutana nayo: DNA ilitolewa kwa njia ya Doyle na Doyle (1987). Nukta. Kinachofuata ni matokeo. Mimi pia niliiandika kwenye tasnifu yangu ya uzamili. Leo nataka kuusema huo mwongozo wenyewe, maana nahisi wengi wetu tunaounukuu hatujawahi kuusoma. Tunafuata fotokopi ya fotokopi iliyobandikwa ukutani maabara.

Ni kurasa tano tu, zilizotoka kwenye jarida la Phytochemical Bulletin. Na nianze kwa haki: kama maandishi, ni mazuri. Hayana mbwembwe. Saga jani kwenye bafa yenye CTAB (hii ni sabuni kali), chumvi nyingi, na kemikali moja inayonuka kama yai viza ambayo kazi yake ni kuzuia jani lisigeuke kahawia kama parachichi lililokatwa. Pasha kwenye nyuzijoto 60. Tia klorofomu, protini na uchafu mwingine vibaki chini. Chukua maji ya juu, ongeza alkoholi ya baridi, na DNA inajitokeza kama nyuzi nyeupe. Kila kiungo kimetajwa na kipimo chake. Ukiwa na mizani na makabati ya kemikali ya kawaida, unaipika mwenyewe, iwe Tanga, Morogoro au Kampala. Ndiyo maana mwongozo huu una umri wa miaka karibu 40 na bado unanukuliwa kwenye maelfu ya makala.

Sasa lawama. Kichwa chenyewe cha makala kinaahidi mambo matatu: njia ni ya haraka, jani ni kidogo, na jani ni bichi. Nilienda nayo yote matatu Sigi.

Kwa wasiopajua, Sigi (wengine huandika Zigi) iko chini ya Amani, Usambara Mashariki. Tawi la reli la Mjerumani liliishia hapa, na nyumba ya mkuu wa stesheni leo ni kituo cha taarifa cha hifadhi ya Amani. Nilikuwa nafuata Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka kwao, na Hermann Wendland akalipa jina mwaka 1893. Ulaya linauzwa kwenye vyungu vya dirishani. Huku kwetu linashikilia miamba yenye kivuli kando ya vijito, na unaweza kutembea asubuhi nzima ukakuta kundi moja. Na vinasaba vyake si jambo dogo: mwaka 2015 ni usomaji wa DNA ulioifanya jenasi nzima ya Saintpaulia iingizwe ndani ya Streptocarpus.

Basi jaribu kufikiri. "Kidogo" ya mwaka 1987 ni kama gramu moja ya majani. Kwa mahindi, hiyo si kitu. Kwa mmea wenye majani machache juu ya jiwe, ni kuunyonyoa. Na "bichi" ina maana kwamba maabara iko karibu, unavuka bustani na jani mkononi. Mimi maabara yangu ilikuwa siku mbili mbele, mvua inanyesha, barabara unaijua.

Hapo mwongozo unanyamaza kabisa. Hauna hata mstari mmoja kuhusu safari ya jani kabla ya kinu.

Nilikuwa nimebeba silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu unazozikuta kwenye boksi la viatu vipya. Lakini nilibana matumizi. Kijiko kimoja kwa kila mfuko, nikaridhika. Majani ya Saintpaulia ni manene, yana manyoya, yamejaa maji. Jioni chembe zangu zilikuwa zimeshageuka kutoka rangi ya chungwa kuwa kijani, yaani zimeshiba. Mzee aliyekuwa akituongoza msituni aliushika mfuko, akaubonyeza. "Mwanangu, hili halijakauka. Limelala tu." Nikacheka. Sikubadilisha silika.

Jani linalokufa polepole hujila lenyewe: vimeng'enya vyake vinaendelea kuikatakata DNA. Maabara nikapata kitu kinachovutika kama mlenda wa bamia. Mashine ya kupima kwa mwanga ikaniambia DNA ipo ya kutosha. Kumbe mashine hiyo haitofautishi DNA na RNA, wala vipande virefu na makombo. Kwenye jeli niliona moshi tu, hakuna mstari.

Nikaendelea hivyo hivyo kutengeneza maktaba. Hili neno linachanganya: maktaba hapa ni chupa ndogo yenye mamilioni ya vipande vya DNA, kila kimoja kimeunganishwa adapta kwenye ncha zake ili mashine ikishike, pamoja na lebo ya kuonyesha kimetoka mmea gani. Katikati ya kazi unasafisha kwa shanga ndogo mno za sumaku, ambazo hushika vipande virefu na kuviacha vifupi vioshwe viende. Vipande vyangu vilikuwa vifupi. Vikaoshwa. Kilichobaki kwa wingi ni adapta zilizounganana zenyewe kwa zenyewe, na mashine ikipewa hizo inazisoma kwa bidii kabisa, kwa hela yako. Sampuli 20, zilizokufa 12.

Je, ni kosa la Doyle na Doyle? Hapana, ni langu. Wao waliandika kwa ajili ya majani mabichi na wakasema hivyo hivyo kwenye kichwa. Tena mwaka 1991 Chase na Hills walichapisha kwenye jarida la Taxon makala fupi ya kutetea silika jeli kwa wanaokusanya majani porini: jani lichanwe, silika iwe nyingi, likauke upesi. Makala hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya mwongozo, kwa sisi wa Sigi. Ila kwenye ile fotokopi ya ukutani haipo.

Na tusidhani miongozo ya kisasa ya vifurushi vya maabara ni bora. Kama maandishi, mingi ni mibaya zaidi. Chupa zina herufi na namba badala ya majina, kwa hiyo likitokea tatizo hujui urekebishe nini. Inasema "joto la chumba" kana kwamba vyumba vyote duniani vina kiyoyozi. Doyle na Doyle angalau wanakuonyesha sufuria ndani.

Ninaowalaumu hasa ni sisi wanafunzi. Sentensi yangu ya kwenye tasnifu ni ya uongo. Sikutumia gramu moja, nilitumia vipande vya sentimita mbili. Jani halikuwa bichi. Niliongeza PVP ili kupunguza ule uchafu wa kahawia, nikarudia klorofomu mara mbili, na safari ya pili nilijaza silika mara kumi ya uzito wa jani na kuibadilisha kila jioni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa. Zile 12 nazo hazimo. Jedwali linaanza na sampuli zilizofaulu, na mzee hayumo hata kwenye shukrani.

Nakala ipo maktaba, ile ya vitabu. Nimeshaandika ukurasa mmoja wa marekebisho, na nimeuacha pia pale Sigi kwa yeyote atakayekuja na mifuko yake.