Mwalimu Mwandishi Mbele ya Wenzake

Mwalimu mkongwe aliye pia mwandishi aingiapo katika mkutano wa walimu wa shule za kati, twamwuliza kwanza: ayasemayo ameyajaribu darasani? Nancie Atwell wa Maine, Marekani, alijibu kwa kitabu chake In the Middle (1987): mwanafunzi ajichagulie mada na kitabu, naye mwalimu aandike pamoja naye. Njia hiyo yadai vitabu tele na wanafunzi wachache. Hapo ndipo upungufu wake kwetu Kongo, ambako wengi bado hunakili ubaoni. Lakini katika toleo la 1998 Atwell alizilegeza kanuni zake mwenyewe. Basi tusiige vifaa vyake, bali ujasiri wa kujisahihisha mbele ya wenzetu.